Kabla ya tohara ya ukubwani: maandalizi ya wiki sita

Mwanaume anayekwenda kutahiriwa akiwa mtu mzima huwa ameiwazia zaidi sindano ya ganzi, ilhali upasuaji wenyewe kwa kawaida huchukua nusu saa hivi, na kinachofuata ni wiki sita za kukitunza kidonda akiwa nyumbani. Maandalizi yaelekezwe huko.

La kwanza kulipangia ni muda. Katika mikoa ya Iringa na Njombe wengi huchagua miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, wakiamini kwamba kidonda hupona upesi baridi inapokuwa kali. Kwa maoni yangu, faida kubwa ya msimu huo ni ya shambani: aliyekwisha kuvuna mahindi anaweza kupumzika kabla ya kurudi kwenye jembe. Kazi nyepesi ya kukaa inaweza kuanza baada ya siku mbili tatu, lakini kubeba magunia, kulima, kucheza mpira, kuendesha baiskeli na kushinda juu ya bodaboda vinapaswa kusubiri hadi mhudumu atakapokikagua kidonda na kuruhusu. Anayeishi kwa kibarua cha kutwa atenge akiba ya chakula mapema, kwa kuwa njaa ndiyo inayowarudisha wengi kazini kidonda kikiwa kibichi.

Siku ya ushauri nasaha usifiche historia ya afya yako. Mweleze mhudumu kama una kisukari, selimundu, tatizo la damu kutoganda, mzio wa dawa yoyote, au kama unatumia aspirini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda. Mwenye kidonda sehemu za siri au anayetokwa na usaha hutibiwa kwanza, kisha hupangiwa siku nyingine. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda, kwa sababu mtu mzima anaweza kuwa hajachanjwa tangu utotoni. Kipimo cha VVU hutolewa kwa hiari.

Mke au mwenza aelezwe kabla. Wiki sita bila tendo la ndoa, na bila kujichua, si jambo la kumshtukizia mtu baada ya kurudi na bandeji. Akifahamu sababu atakuwa msaada, na hata maswali ya wapi umelala na kwa nini hayatakuwapo.

Nyumbani viandaliwe vitu vichache: suruali za ndani za pamba zilizofuliwa na kuanikwa juani, zenye kukaa mwilini vizuri ili ziushikilie uume ukiwa umeelekea juu kwenye tumbo, kikoi au msuli wa kushindia, kipande cha sabuni isiyo na manukato, kitakachotumiwa na wewe peke yako, shashi safi, na parasetamoli. Maji ya kuoshea kama si ya uhakika yachemshwe, kisha yaachwe yapoe katika chombo chenye kifuniko. Asubuhi ya siku yenyewe oga vizuri, punguza nywele za kinena, na ule kama kawaida isipokuwa umeagizwa vinginevyo, maana wanaozimia chumbani mara nyingi ni wale waliokuja na njaa na hofu kwa pamoja. Panga na mtu wa kukurudisha.

Bandeji huachwa kavu hadi siku uliyopangiwa kurudi, ambayo kwa kawaida ni baada ya saa 48. Ikiwa imegandamana na kidonda haivutwi. Hulowanishwa kwa maji safi ya uvuguvugu, ukasubiri iachie yenyewe taratibu, hata ikichukua robo saa. Baada ya hapo osha kidonda kwa upole mara mbili kwa siku, ukianza kwa kunawa mikono, kisha kikaushe kwa kukigusagusa kwa kitambaa safi bila kusugua. Usikae ndani ya beseni la maji, usiogelee ziwani wala mtoni. Utando wa njano hafifu unaoonekana kwenye mstari wa nyuzi wiki ya kwanza si lazima uwe usaha, hivyo usiukwangue; nyuzi nazo huyeyuka au kudondoka zenyewe.

Kuhusu dawa za mtaani msimamo uwe mkali. Majivu, samadi, dawa ya meno, spiriti, na ule unga wa kapsuli za rangi mbili ambao bado tunauona ukimiminwa kwenye vidonda, vyote vikae mbali. Vingine huunguza ngozi mpya, vingine huleta vijidudu, na samadi na udongo vinaweza kubeba hata vya pepopunda.

Jambo ambalo wengi huona haya kuliuliza ni kusimama kwa uume usingizini, hasa alfajiri, ambako huvuta nyuzi na kuuma. Hali hiyo huwezi kuizuia kabisa. Kojoa kabla ya kulala, lala ubavu huku umekunja magoti, na ukishtuka amka utembee kidogo au ukakojoe tena. Kwa kawaida maumivu hutulia, na nyuzi zilizofungwa vizuri hazikatiki kwa sababu hiyo pekee.

Matone machache ya damu kwenye bandeji si ajabu. Damu inayoendelea kulowanisha shashi hubanwa kwa mkono, kwa shashi safi, dakika 10 hadi 15 bila kuachia, huku safari ya kituoni ikianza. Kamwe usifunge uzi au mpira kuuzunguka uume. Rudi haraka pia ukiona uvimbe unaozidi kukua, usaha wenye harufu, homa, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, au mkojo kukataa kutoka. Namba ya simu ya kituo iandikwe kabla ya kuondoka, na ujue zamu ya usiku hupatikana wapi.

Ukaguzi mwingine huwa siku ya 7, na wa mwisho wiki ya 6. Kidonda kinaweza kuonekana kimefunga mapema kuliko hapo, lakini ngozi yake bado ni changa, na mpasuko mdogo wakati wa tendo la ndoa hupitisha VVU kwa urahisi zaidi kuliko ilivyokuwa kabla ya kutahiriwa. Utafiti wa Orange Farm nchini Afrika Kusini, wa Kisumu nchini Kenya na wa Rakai nchini Uganda, ambao ulilifanya Shirika la Afya Duniani (WHO) kuipendekeza tohara kinga mwaka 2007, ulionyesha kwamba tohara hupunguza uwezekano wa mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Asilimia iliyobaki ndiyo sababu ya wahudumu kukukabidhi kondomu siku ya wiki ya sita, na ni vema uzichukue.