Lita Mwisho, Siku Kwanza: Ninavyopanga Malengo ya Banda Langu Mwakirunge

Muulize mfugaji yeyote wa huku Kisauni, Mombasa, ng'ombe wake anatoa lita ngapi, atakutajia siku yake bora. "Huyu? Kumi na tano." Zilitoka kweli, wiki ya sita baada ya kuzaa, mvua imenyesha na majani tele. Lakini mwaka mzima haupangwi kwa hesabu hiyo. Mimi nina ng'ombe watano wa kukamua na mitamba wawili, wengi wao chotara wa Jersey, na nikikaa kupanga malengo ya mwaka, lita huziandika mwisho. Kwanza naandika siku.

Chukua ng'ombe ambaye kilele chake ni lita 12 kwa siku. Kilele huja kati ya wiki ya nne na ya nane. Wafugaji wana kanuni ya kukadiria: zidisha kilele kwa 200, utapata karibu maziwa yote ya msimu wa kukamua wa siku 305. Huyu basi atakupa kama lita 2,400. Akizaa tena baada ya siku 365, zigawe: ni lita 6.6 kwa kila siku aliyokula kwako. Akizaa baada ya siku 500, zinashuka hadi 4.8. Ng'ombe ni yuleyule. Ukiendelea kumkamua kupita siku 305 utapata kidogo, ila hicho kidogo hakilipi majani ya nepia anayokula.

Kwa hivyo lengo langu la kwanza kwa kila ng'ombe ni tarehe. Mimba hubebwa siku 280 na ushei. Ukitaka azae kila mwaka, awe ameshika mimba ndani ya siku 85 hivi baada ya kuzaa. Kwa joto letu hili mimi naruhusu hadi 120, zaidi ya hapo naanza kuuliza maswali. Kabla ya siku 60 simpandishi, kizazi kipate kupumzika. Na siku 60 za mwisho wa mimba simkamui kabisa, hata kama mteja wa mkahawa analalamika.

Ugumu ni kumuona anapotaka dume. Mchana wa Mombasa ng'ombe hana hamu ya kupanda wala kupandwa, amesimama kivulini anahema. Dalili nyingi hutokea usiku na hupita upesi. Kijana wangu wa banda humulika tochi baada ya isha, kisha kabla ya adhana ya alfajiri. Anatafuta ng'ombe anayesimama tuli akipandwa na mwenzake, na ute mwangavu unaoning'inia kama ute wa yai. Aliyeonekana alfajiri hupandishwa jioni, aliyeonekana usiku hupandishwa asubuhi. Baada ya siku 21 mtazame tena. Akitulia, usishangilie bado: daktari ampime mimba baada ya miezi miwili au mitatu, ndipo uandike "ana mimba" kwenye daftari.

Daftari lenyewe ni la shule, la mistari. Kila ng'ombe ana kurasa zake: tarehe ya kuzaa, ya kupandishwa, dawa alizopewa, na maziwa ya asubuhi na jioni yaliyopimwa kwa jagi lenye alama. Andika mwezi mzima kabla hujaweka lengo lolote, maana lengo lisilo na mahali pa kuanzia ni dua tu.

Lita sasa. Usiweke lengo moja kwa banda zima. Aliyezaa majuzi lengo lake ni kupanda hadi kilele, aliyepita kilele lengo lake ni kushuka polepole. Kushuka kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi kila mwezi ni kawaida. Akitoka lita 10 hadi 7 ndani ya wiki moja, hiyo si kawaida, na nakagua kwa utaratibu huu: maji, kiwele, homa, halafu chakula. Wengi huanza na chakula, wakakimbilia duka kununua gunia jingine.

Maji yanastahili kutangulia. Maziwa ni maji kwa karibu asilimia 87. Ng'ombe wa maziwa katika joto letu hunywa lita 60 hadi 100 kwa siku, na zaidi akiwa anatoa vizuri. Visima vingi vya huku vina chumvi. Atayanywa, lakini hatakunywa ya kutosha. Lengo langu limeandikwa kwa chaki mlangoni: hori la maji lisikauke, hata usiku wa manane. Kwenye kaskazi, Februari na Machi, nahesabu pia pumzi. Tazama ubavu unavyopanda na kushuka kwa dakika moja. Zikipita 60, joto limemshinda, na hapo hakuna unga wa kuongeza lita. Kinachosaidia ni paa la juu la makuti, pande zilizo wazi upepo wa bahari upite, na sehemu kubwa ya majani apewe jioni.

Kwa sababu hiyo napenda ng'ombe wazae Juni. Upepo wa kusi unavuma, majani ya masika yapo, na kilele kinaangukia miezi yenye baridi kidogo. Azae Juni, basi apandishwe mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba. Najua mtaniuliza: na Ramadhani je? Maziwa ya tambi, ya uji na ya chai ya daku yanatafutwa kwa taa. Miaka hii Ramadhani imeingia kwenye kaskazi, na inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Ukitaka maziwa mengi Februari ng'ombe azae Novemba, yaani apandishwe mwisho wa Januari au Februari, na katika joto lile mimba hazishiki vizuri. Mimi natenga ng'ombe mmoja kwa biashara hiyo. Wanne wengine wabaki na Juni yao.

Afya naiandikia malengo ya kuhesabika. "Ng'ombe wawe na afya" si lengo.

Kiwele: kila mkamuo, matone ya kwanza yaingie kikombe cheusi kabla ya jagi. Mabonge yakionekana, huyo akamuliwe wa mwisho na daktari apigiwe siku hiyohiyo. Mara moja kwa mwezi napima maziwa kwa dawa inayochanganywa nayo kwenye sahani ya vishimo vinne, kishimo kwa kila chuchu. Maziwa yakiwa mazito kama uteute, chuchu hiyo ina ugonjwa uliojificha. Lengo ni isizidi chuchu moja katika banda zima. Baada ya kukamua, chuchu zichovywe dawa na ng'ombe apewe majani asimame, asilale kwenye samadi mlango wa chuchu ukiwa bado wazi. Maziwa ya aliyechomwa dawa hayauzwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Wala usimpe jirani bure.

Ndigana kali: lengo ni kifo sifuri. Huletwa na kupe wa masikio, na msidhani ng'ombe wa kufungiwa ndani amesalimika, kwa kuwa kupe huingia na majani mliyokata kando ya barabara. (Majani hayohayo huja na mifuko ya plastiki. Ilipigwa marufuku 2017 lakini mitaro yetu haina habari. Chambueni kabla ya kukatakata.) Dawa ya kupe kila wiki, na msisahau ndani ya sikio na chini ya mkia. Ipo chanjo iliyotokana na utafiti uliofanywa Muguga, karibu na Nairobi, huchomwa mara moja chini ya sikio. Ndama wangu wote wameipata. Weka kipimajoto bandani. Joto la kawaida ni 38 hadi 39.3. Likipita 39.5 na tezi chini ya sikio imevimba, usingoje kesho.

Chanjo za miguu na midomo, kimeta, chambavu na mapele ya ngozi, fuata kalenda ya ofisi ya mifugo ya kaunti.

Kila mwisho wa mwezi nakaa na kijana wangu tukalipitia daftari. Aliyefikia tarehe yake anawekewa inayofuata. Aliyepandishwa mara tatu akarudia, simwiti tena mpandishaji: namwita daktari ampime kizazi, na jibu lake ndilo litakaloamua kama anabaki bandani au anatafutiwa mnunuzi.