Somo: Ada kubwa haithibitishi ubora wa jarida. Hatua za kufuata kabla hujatuma makala

Ndugu wanachama, juzi mwanafunzi wangu wa uzamili alinipa simu yake nisome baruapepe kutoka jarida moja. Wamemwita "Profesa mheshimiwa", na ndiyo kwanza anahangaika na sura ya pili ya tasnifu. Makala itahakikiwa kwa siku tatu, ada dola 180. Akaniuliza: "Mwalimu, jarida la Nature wanatoza maelfu. Hawa si nafuu?"

Hatua ya 1. Jua pesa inalipia nini. Nature lipo tangu 1869. Mwaka 2021 ndipo lilipoweka ada ya euro 9,500, kwa mwandishi anayetaka makala yake isomwe bure na kila mtu. Asiyetaka njia hiyo halipi. Maktaba ndizo zinazolipia usajili. Kwa hiyo jina lilitangulia, ada ikafuata. Lipo pia Journal of Machine Learning Research, lililoanza mwaka 2000. Halimtozi mwandishi wala msomaji, na wataalamu wa kompyuta wanaliheshimu sana. eLife nalo lilianza 2012 bila ada, likaanza kutoza 2017 likiwa limeshajijengea jina.

Hatua ya 2. Watafute wahariri. Chukua majina mawili kwenye bodi, fungua kurasa zao za vyuoni, uone kama wanalitaja jarida hilo. Ukiwa na shaka mwandikie mmoja wao. Msiiruke hatua hii, nawaomba sana. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alisimulia katika jarida la Science alivyotuma makala ya kubuni, yenye makosa ambayo mhakiki makini angeyaona, kwa majarida 304 yanayowatoza waandishi ada. Majarida 157 yaliikubali.

Hatua ya 3. Hakiki kwenye orodha yenyewe. Nembo ya Scopus au DOAJ, yaani orodha za kimataifa za majarida, mtu yeyote anaweza kuibandika kwenye tovuti yake. Ingia kule kwenyewe, tafuta kwa ISSN. Na ISSN peke yake ni namba ya utambulisho tu, haipimi ubora.

Hatua ya 4. Uliza msamaha wa ada kabla ya kutuma. Tanzania imo katika kundi A la Research4Life, mpango unaozipa nchi za kipato cha chini machapisho ya utafiti bure au kwa bei nafuu, na wachapishaji wengi hutumia makundi hayo kufuta ada. Soma masharti, maana mara nyingi waandishi wenza wa nchi nyingine nao huhesabiwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeshalipa nusu, na barua ya kukubaliwa ilikuja usiku uleule. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Usimalizie hiyo nusu, na usisaini fomu ya hakimiliki. Waandikie kwamba unaiondoa makala, tunza kila ujumbe, mweleze msimamizi wako leo hii. Ukija kuituma kwingine, mwambie mhariri yote yaliyotokea.

Swali: Jarida la chuo chetu linaomba shilingi laki moja. Nao ni matapeli?

Jibu: Hapana, kutoza si kosa. Majarida mengi ya vyuo vyetu yanajiendesha kwa shida, na wahariri wanafanya kazi hiyo usiku baada ya vipindi. Waulize walioandika humo walirudishiwa maoni gani. Mimi makala yangu ya kwanza ilirudi na kurasa nne za maoni. Mhakiki alikuwa amerudia hesabu za jedwali langu la tatu na kukuta jumla haikai. Laki ile sijawahi kuijutia.