Kutengeneza Kolaji za Rangi kwa Karatasi Kuukuu

Msanii wa Kampala anayetengeneza kolaji, yaani picha za vipande vilivyobandikwa pamoja, kwa karatasi za zamani halazimiki kununua rangi, kwa kuwa rangi zimo katika karatasi zenyewe: nyekundu na buluu za pindo za bahasha za barua za ndege, kijani na waridi za ramani za shule, na stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika zilizoanza kutolewa mwaka 1935. Kazi ngumu ni kuchagua. Hati za ardhi, barua za ukoo na vitabu vilivyo kamili visiguswe na mkasi; hivyo vitolewe nakala, na zikatwe zile kurasa ambazo tayari zimeraruka au zimeliwa na mchwa.

Kabla ya kukata, ikunje pembe ya karatasi mbele na nyuma. Ikivunjika papo hapo, itumie katika vipande vidogo tu, kwa maana karatasi nyingi za rojo la mbao zilizotengenezwa tangu karne ya 19 zina asidi inayozifanya kuwa za manjano na kukatikakatika. Kisha lowanisha pamba kidogo, uibonyeze juu ya wino mahali pasipoonekana, na uitazame. Wino wa matbaa kwa kawaida hutulia, lakini ule wa kalamu za kuchovya, na hasa wa zambarau wa mihuri ya ofisi, huweza kutiririka na kuchafua kazi nzima. Karatasi ya namna hiyo ni heri uiache.

Kwa gundi, changanya kijiko kimoja cha wanga wa muhogo na vijiko sita vya maji baridi, koroga mpaka mabonge yaishe, halafu upike kwa moto mdogo bila kuacha kukoroga hadi weupe utoweke na uji uanze kung'aa. Uchuje kwa kitambaa ukipoa. Naupendelea kuliko gundi nyeupe ya dukani, kwani kipande kilichokaa vibaya hubanduka kikilowanishwa, hata siku nyingi baadaye.

Panga vipande vyote vikiwa vikavu, rangi moja ikitawala na kahawia iliyopauka ikizipumzisha nyingine, kisha upige picha kwa simu ili usisahau mpango. Paka uji mwembamba nyuma ya kipande, usubiri kidogo kitanuke, ukilaze juu ya kadibodi na kukisukuma kwa kitambaa kikavu kuanzia katikati kuelekea kingo, hewa itoke. Bandika karatasi nyingine mgongoni mwa kadibodi, la sivyo itajipinda inapokauka. Ilaze usiku kucha chini ya vitabu vizito, ikitenganishwa navyo kwa karatasi ya nta.

Mende hupenda wanga, na unyevu wa Entebbe huleta ukungu. Kwa hiyo iwekee fremu yenye kioo kisichogusa karatasi, uitundike mbali na jua, kwenye ukuta wa ndani ambao mvua za Machi hadi Mei haziufikii.