Ninavyompata fundi wa kuaminika kwa simu kabla koki haijakatika

Mimi ni nesi, nafanya kazi za zamu, na ninaishi Tabata Kimanga na mama yangu mwenye miaka 74. Nyumba aliijenga marehemu baba, chumba baada ya chumba, na kila upande wake una kazi ya kumpa fundi: mabomba ya zamani ndani ya ukuta, tangi la maji juu ya mnara wa zege, vyumba viwili vya wapangaji uani, feni za dari za miaka mingi. Nikiwa zamu ya usiku koki ikakatika, anayeamka kuhangaika na maji ni mama. Kwa hiyo ninapotafuta fundi huwa sifikirii bei kwanza. Nafikiria nani ataingia ndani wakati mama yuko peke yake, na kama alichotengeneza kitashika mpaka nirudi.

Zamani tulikuwa na fundi wetu nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alipohamia Chanika tukabaki na simu, na simu ilinifundisha kwa maumivu. Mwaka 2022 pampu ya maji iligoma kuvuta. Nilikuwa kazini, saa tatu usiku, nikaingia mtandaoni na kukutana na ukurasa wa fundi wenye picha safi kabisa: vigae vimenyooka, mabomba yanang'aa. Akaniambia nitume kianzio cha shilingi 60,000 ili anunue spea asubuhi na mapema. Jina lililotokea kwenye simu kabla sijathibitisha lilikuwa la mwanamke. Akasema ni namba ya mke wake. Nikatuma. Asubuhi namba ikawa haipatikani, na mama akashinda anachota maji kwa jirani ndoo kwa ndoo. Nilipozirudia zile picha kwa utulivu ndipo nikaona kilichokuwa wazi muda wote: soketi za ukutani zilikuwa na matundu mawili ya duara. Soketi za nyumba zetu zina matundu matatu. Picha zilikuwa za nchi za watu, yeye alizichukua tu.

Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu, na ndio ninaowaeleza wenzangu wodini kila mtu anapouliza habari za fundi.

Kwanza, tafuta wakati hujabanwa. Maji yakishafika kizingitini utamkubali yeyote atakayepokea simu. Mimi huchukua kitu kidogo kinachoweza kusubiri wiki nzima, labda bawaba ya kabati iliyolegea au koki inayodondosha, nikamwita fundi mgeni kwa hicho tu. Kazi ya nusu saa inanionyesha kama anafika muda aliousema, kama anabeba vifaa vyake au anaazima bisibisi kwangu, kama anafunga maji kabla ya kufungua koki. Akiniangusha hapo nimepoteza elfu chache. Akifaulu, siku bomba litakapopasuka ukutani nitakuwa na mtu ninayemjua.

Majina nayapata wapi? Sehemu kubwa kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, ila kuuliza nako kuna namna yake. Ukiandika "Naombeni fundi bomba mzuri", ndani ya dakika kumi utakuwa na namba nane, na nusu yake ni za wadogo na mashemeji wa watu. Mimi naandika hivi: "Jamani, nani hapa Kimanga ametengenezewa flashi ya choo au koki miezi mitatu hii, na mpaka leo haivuji? Naomba namba ya fundi aliyefanya." Majibu yanakuwa mawili au matatu, lakini yanatoka kwa watu waliokaa na kazi ya huyo fundi. Anayenijibu namfuata pembeni na kumuuliza jambo moja: ulipomwita tena baada ya kumlipa, alirudi? Ukiuliza tu kama fundi ni mzuri utaambiwa ndiyo, kwa sababu watu hawapendi kumharibia mtu riziki. Hili la kurudi wanalijibu kwa ukweli.

Njia ya pili nimeigundua mwenyewe na ninaipenda zaidi. Fungua ramani ya Google kwenye simu, tafuta maduka ya vifaa vya ujenzi yaliyo karibu nawe, piga simu dukani, au pita ukiwa unatoka kazini. Mwulize muuzaji fundi gani wa bomba anayenunua pale kila wiki. Muuzaji wa hadiwea anawajua mafundi kuliko sisi. Anajua nani anakopa na kulipa, nani anarudisha spea zilizobaki kwa niaba ya mteja, na nani anaomba aandikiwe risiti ya bei ya juu ili akale cha juu kwa mwenye nyumba. Hatakutajia wabaya. Mwangalie tu anavyomtaja aliye mzuri, mara nyingi anamtaja kabla hujamaliza kuuliza.

Instagram na Facebook naziangalia mwishoni, na naziangalia nikimkumbuka yule tapeli wa mwaka 2022. Natafuta picha zenye fujo: ukuta uliopasuliwa, tope, ndoo, mkono wa fundi mwenyewe. Natafuta kazi ileile ikiwa imepigwa kabla na baada. Nasoma komenti, hasa ya mteja aliyelalamika, kuona kama alijibiwa au alifutwa. Kwenye ramani ya Google natazama tarehe. Sifa kumi za nyota tano zilizoandikwa wiki moja, kisha kimya cha mwaka mzima, kwangu hazina uzito.

Ujumbe wa kwanza kwa fundi ndio kipimo changu kikubwa. Namtumia video ya sekunde 20 ya kitu kilichoharibika, nikiacha sauti isikike, namweleza kilianza lini, na nanyamaza kuhusu bei. Kisha nasubiri kuona kama ataniuliza kitu. Feni ya sebuleni ilipoharibika niliwatumia mafundi wawili video ileile. Wa kwanza alijibu, "Hiyo imekufa dada, nikuletee mpya, elfu themanini na tano." Wa pili tuliandikiana hivi:

"Dada, ukiisukuma kwa kijiti inaondoka?"

"Inaondoka, ila inakwenda taratibu."

"Basi mota bado ipo. Kapasita ndiyo imechoka. Izime kwanza, usiiache inaunguruma, itaunguza koili. Usipande kuifungua, nitakuja nayo kesho saa nne."

Alikuja saa nne na robo. Alizima umeme kwenye saketi breka, akafungua kikombe cha feni, akatoa kijidude cheusi cha plastiki chenye nyaya mbili, akamwonyesha mama namba iliyoandikwa ubavuni na namba ya kile kipya ili aone zinafanana. Kapasita shilingi 5,000, ufundi 10,000. Feni ile inazunguka mpaka leo, na mwanzo wa yote lilikuwa lile swali la kijiti.

Tukifika kwenye bei, nataka gharama ya ufundi isimame peke yake, spea peke yake, na yote yaandikwe WhatsApp hata kama tumeshaongea kwa simu. "Ufundi 15,000, mimi nanunua spea, ikivuja ndani ya wiki mbili unarudi bila malipo. Sawa fundi?" Akijibu "Sawa", tumeshaandikiana. Spea nanunua mwenyewe kila ninapoweza. Fundi ananitumia picha ya kinachotakiwa na kipimo chake, nusu inchi au robo tatu, nami naipeleka picha hiyo dukani. Pale ambapo lazima anunue yeye, nalipa duka moja kwa moja kwa namba ya malipo ya duka, na risiti inabaki kwangu.

Kianzio cha hela mkononi simtumii mtu ambaye hajawahi kukanyaga kwangu. Kama ni nauli, natuma nauli, basi. Na kabla ya kutuma natazama jina. Laini zetu zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo jina linalotokea kwenye M-Pesa au Airtel Money ni la mtu aliyeweka kidole chake. Fundi akijiita Juma na simu ikaleta Rehema, nasitisha na kumwomba namba yenye jina lake. Mwaminifu hakasiriki. Na uwe macho na ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Unawanasa watu wazima na akili zao kwa sababu unaingia siku hiyohiyo ambayo kweli kuna hela wanadaiwa na fundi. Mpigie fundi umsikie sauti, kisha ule ujumbe upeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Umeme nautenga na mengine yote. Kwa bomba nikikosea nitalowa, kwa umeme nitamzika mtu. Kazi inayozidi kubadilisha balbu au kapasita namuuliza fundi leseni yake ya EWURA, maana wao ndio wanaotoa leseni za kufunga umeme majumbani, na naomba picha yake. Asiye nayo simlaumu, namwambia tu nitamwita kwa kazi nyingine. Mita ya LUKU na kila kilicho kabla yake ni mali ya TANESCO. Fundi wa mtaani akikuambia anaweza kufungua lakiri ya mita "arekebishe kidogo", mwage palepale, hata kama feni alikutengenezea vizuri.

Kuhusu vyeti, cheti cha VETA nakiheshimu lakini kwa kazi za koki na bawaba sikifanyi sharti. Mafundi wetu wengi walijifunza kwa kumshikia spana fundi mkubwa miaka mitano, na VETA wenyewe wana utaratibu wa urasimishaji ujuzi, wanampima aliyejifunzia kazini na kumpa cheti. Namtia moyo kila fundi kijana anayekuja kwangu aende.

Siku ya kazi, lokesheni naituma asubuhi hiyo, si kabla. Namwambia mama jina la fundi, saa atakayofika na anakuja kufanya nini, namwonyesha picha yake ya WhatsApp, na jirani naye namjulisha. Katika maongezi na fundi simwambii kwamba mama yuko peke yake, nasema "utawakuta nyumbani". Mama hukaa sebuleni, mlango wazi. Ana kipimo chake ambacho sijakiona kwenye simu yoyote: anaangalia kama fundi ametandika gazeti kabla ya kutoboa ukuta, na kama amefagia. "Huyu amefagia," ataniambia jioni, na nimeona kwamba aliyefagia ndiye pia aliyezungusha ile tepu nyeupe kwenye nyuzi za koki mara za kutosha.

Kabla ya kulipa tunajaribu, hata nikiwa wodini. Kama ni flashi ya choo, mama anatia bluu ya kufulia kidogo kwenye tangi la choo na kukaa dakika 20 bila mtu kuflashi. Maji ya bakuli yakigeuka bluu, mpira wa chini unapitisha, na fundi bado hajamaliza. Kama ni bomba, mpangaji anahakikisha koki zote zimefungwa, anapiga video ya mita ya maji uani na kunitumia. Kile kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka kuna mahali panavuja. Na bomba la ndani ya ukuta halifunikwi na plasta kabla sijapata picha yake ikiwa na futi imelazwa pembeni, ili atakayekuja kupigilia msumari miaka ijayo ajue bomba linapita wapi.

Baada ya hapo nalipa saa hiyohiyo. Hapa nawaomba sana wenzangu. Tunawalalamikia mafundi kutwa, halafu tunamtoa mtu Mbagala kwa daladala mbili, tunafika mlangoni tunamshusha bei tuliyokubaliana, au tunamwambia hela mwisho wa mwezi. Fundi mzuri ana wateja wengi wa kuchagua, ukimfanyia hivyo mara moja simu yako ya pili hataipokea. Akija akakuta kazi haiwezekani, mrudishie nauli yake. Ikivuja tena ndani ya wiki mbili, mpigie kwa heshima, umtumie video kama ulivyofanya mwanzo. Wawili kati ya mafundi wangu wa sasa niliwaamini kabisa siku waliporudi kurekebisha kosa lao.

Kwenye simu nawahifadhi kwa kazi na mwezi, mfano: "Fundi bomba Barakuda, flashi Machi 2024". Nikipiga tena najua alifanya nini na lini. Sasa nina wanne: wa bomba, wa umeme, wa feni na friji, na seremala wa Keko. Majina na namba zao nimeyaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ngumu, herufi kubwa ambazo mama anaziona bila miwani, nikaibandika nyuma ya mlango wa jikoni. Chini yake nimechora mshale unaoonyesha koki kuu ya maji ilipo.