Jinsi ya Kuunganisha Malori Mawili kwa Msafara wa Kielektroniki ili Kupunguza Dizeli

Kabla ya kununua kifaa chochote, chukua kumbukumbu za safari za kampuni yako uhesabu ni kilomita ngapi malori mawili hupita barabara ileile, saa ileile, kwa mwendo mmoja, kwa kuwa akiba hupatikana tu yakiwa yameunganishwa, yaani la nyuma likilifuata la mbele kwa karibu na kwa mawasiliano ya redio ili kupunguza mvuto wa hewa. Lori linalokunywa lita 30 kwa kila kilomita 100, likiunganishwa kilomita 240 kati ya safari ya kilomita 400 na kuokoa asilimia 4 katika kipande hicho, halijaokoa hata lita 3.

Kiwango hicho cha asilimia 4 sikukibuni. Nchini Ujerumani, MAN, kampuni inayounda malori, na DB Schenker, kampuni ya usafirishaji, walisafirisha mizigo halisi kwa misafara ya malori mawili kwenye barabara kuu ya A9, kati ya Munich na Nuremberg, na mwaka 2019 wakatangaza akiba ya asilimia 3 hadi 4 kwa umbali wa mita 15 hadi 21. Sheria ya huko hulitaka lori linalozidi kilomita 50 kwa saa kwenye barabara za aina hiyo liache mita 50, kwa hiyo kibali maalumu hutangulia kila kitu.

Tanguliza lori linalochelewa kusimama, ambalo mara nyingi ndilo lenye mzigo mzito, ili la nyuma liweze daima kusimama mapema kuliko lile. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mita 15 huisha kabla ya sekunde moja, na mguu wa dereva bado haujagusa breki. Ndiyo sababu lori la mbele hutuma amri ya breki kwa redio, na la nyuma hufunga breki karibu papo hapo. Hata hivyo dereva wake abaki macho, mikono ikiwa kwenye usukani.

Usidhani kwamba kadiri malori yanavyokaribiana ndivyo dizeli inavyopungua. Katika majaribio ya NREL, taasisi ya Marekani ya utafiti wa nishati, la nyuma liliokoa hadi asilimia 9.7 na la mbele hadi 5.3, kwani nalo hupunguziwa mvuto wa hewa mgongoni. Lakini la nyuma likisogea mno, rejeta yake hukosa upepo, feni huwaka na kula sehemu ya faida. Feni ikianza kuwaka mara kwa mara, ongeza nafasi.

Gari dogo likijipenyeza katikati, mfumo uachanishe malori taratibu, na dereva asikimbilie kuungana tena. Daimler, kampuni nyingine inayounda malori, ilipoachana na teknolojia hii mwaka 2019, ilieleza kwamba akiba, ambayo tayari ilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa, ilizidi kupungua malori yalipolazimika kuongeza mwendo ili yaungane upya.

Mwishoni pima akiba kwa kulinganisha na lori la tatu lisilounganishwa, lenye uzito uleule na upepo uleule wa matairi, linalopita njia hiyo siku hiyohiyo.