Kuotesha desmodiamu kwa mbegu hadi ifunike shamba

Desmodiamu ni mmea wa jamii ya mikunde unaotambaa, unaoishi miaka mingi na kufunika udongo kati ya mistari ya mahindi au mtama. Mizizi yake hutoa kemikali zinazochochea mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama, kuota na wakati huohuo kuzuia mizizi michanga ya gugu hilo isijishike kwenye zao, na majani yake ni lishe nzuri ya mifugo. Faida hizo huja baada ya subira, kwa kuwa katika miezi yake ya kwanza mmea huu hukua polepole mno, na hapo ndipo wakulima wengi huupoteza.

Mbegu zake ni ndogo sana, hivyo shamba lilimwe mapema na udongo ulainishwe mpaka mabonge yote yavunjike. Takriban kilo 1 inatosha ekari moja. Changanya konzi moja ya mbegu na konzi mbili za mbolea ya supafosfeti, au mchanga laini kama mbolea haipo, ili zisidondoke kwa mafungu. Mvua zinapoanza, chora kwa kijiti mfereji mwembamba wenye kina cha sentimita 1 hadi 2 katikati ya mistari ya mahindi iliyoachana sentimita 75, nyunyiza mchanganyiko huo, kisha fukia kwa udongo kidogo tu. Mbegu iliyozikwa chini zaidi huishiwa nguvu kabla ya kufika juu.

Palizi ya kwanza, wiki ya tatu hivi, ndiyo ngumu kuliko zote, na nasisitiza ifanywe kwa mkono karibu na mstari, kwani desmodiamu nyingi hufia kwenye jembe la mwenyewe. Anayepalilia aoneshwe kwanza mche wenyewe: majani yake hukaa matatumatatu kwenye kikonyo kimoja, na aina ya majani ya fedha huwa na mchirizi mweupe katikati ya kila jani. Rudia palizi wiki ya tano au ya sita. Mashina yakishakutana, kivuli chake hudhibiti magugu mengi.

Usikate lishe kabla mmea haujashika vizuri, na unapokata acha kisiki cha sentimita 10 au zaidi, kwa kuwa machipukizi mapya hutokea kwenye mashina yaliyobaki. Mahindi yakiwa bado machanga, punguza matawi yanayoyapanda.

Msimu unaofuata shamba lisilimwe lote. Fyeka desmodiamu, kisha chimba mashimo ya mahindi katika nafasi zilizo kati ya mistari yake bila kugusa mashina yaliyokwisha kushika ardhi. Palipobaki mapengo, fukia vipande vya mashina yaliyokomaa wakati udongo ungali na unyevu.