Namna ya kumtafuta mwenye usemi kabla hujachapa jina lake

"Nimewahi kuwa maskini, nimewahi kuwa tajiri. Utajiri ni bora." Kila mwaka ukielekea ukingoni na watu wakianza kuagiza kalenda, usemi huu haukosi kufika mezani kwangu. Mimi ni msahihishaji katika kiwanda kidogo cha uchapaji Dar es Salaam, na jina lililo chini ya usemi nalisahihisha kama ninavyosahihisha tarehe za sikukuu. Mteja mmoja ataandika Sophie Tucker, mwimbaji. Mwingine Mae West, mwigizaji. Mwingine Joe E. Lewis, mchekeshaji. Wote Wamarekani, wote watu wa jukwaani. Anayestahili zaidi kuandikwa pale hajaletwa na mteja hata mmoja.

Ukitaka kumpata, liweke jina kando kwanza. Usemi mtamu ukikosa mwenyewe hupachikwa mtu maarufu anayefanana nao, kwa hiyo ukianza na jina utaishia kukusanya kurasa zinazonakiliana. Shika maneno, tena kwa lugha yaliyosemwa, maana tafsiri haitakufikisha kwenye gazeti la Marekani. Usitafute sentensi nzima. Wapo wanaoanza na utajiri na wapo wanaoanza na umaskini, lakini mkia ni uleule: "rich is better". Uandike ndani ya alama za kunukuu, kisha ipe programu ya kutafutia ukomo wa miaka: kabla ya 1960, halafu kabla ya 1950, halafu kabla ya 1940. Shuka hivyo hivyo mpaka kusitoke kitu.

Pa kutafutia mtandaoni ni Google Books na archive.org, zenye vitabu na majarida yaliyopigwa picha, na hazina ya magazeti ya zamani ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo ni bure. Magazeti mengine makubwa yanataka malipo. Kama una ndugu anayesoma chuo kikuu, mwombe akuangalizie kupitia maktaba yao.

Hapa nakusihi uwe mwangalifu. Google Books ikikuonyesha kipande cha jarida na mwaka pembeni, mara nyingi mwaka huo ni wa toleo la kwanza la jarida, wala si wa ukurasa ulio mbele yako. Utadhani umepata usemi wa 1925 kumbe toleo lenyewe ni la 1958. Tafuta tarehe iliyochapwa kwenye ukurasa wenyewe. Ukiikosa, tafuta ndani ya kipande hichohicho jina la rais, vita, filamu, chochote chenye mwaka unaojulikana. Mimi ukurasa nisiouona kwa macho yangu siuhesabu.

Ukishuka hivyo na usemi wetu utakwama kwenye gazeti la Washington Post la tarehe 12 Mei 1937, katika safu ya Leonard Lyons, mwandishi wa habari za watu mashuhuri. Yeye anayaweka maneno hayo kinywani mwa Beatrice Kaufman. Mama huyu alizaliwa 1895, akafariki 1945, na alikuwa mhariri wa vitabu na majarida huko New York. Mumewe, George S. Kaufman, alikuwa mwandishi wa tamthilia mwenye sifa kubwa. Nani leo anamjua mhariri? Ndiyo maana maneno yamehamia kwa waimbaji na wachekeshaji. Nami kwa kuwa riziki yangu ni kurekebisha maneno ya wengine, jambo hili linaniuma kweli.

Hata hivyo usikimbilie kuandika kwamba yeye ndiye aliyeyatunga. Waandishi wa safu za aina hiyo walikuwa wakiletewa vichekesho na mawakala waliotaka wateja wao wasikike. Kilichothibitika ni kwamba hayo ndiyo maandishi ya zamani zaidi yanayojulikana, na jina lililomo ni lake. Basi andika hivi: "Beatrice Kaufman, alivyonukuliwa na Leonard Lyons, 1937." Ukikosa nafasi, bakiza jina lake peke yake.

Kwa misemo yetu njia ni nyingine. Mteja akileta "Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba" na kuweka chini yake jina la mwanasiasa, nalifuta na kuandika "methali", kisha nampigia simu kumweleza. Anayetaka kujua imeanza kuandikwa lini aanze na vitabu vya wamisionari wa zamani: hadithi alizokusanya Edward Steere Unguja, zilizochapishwa 1870, kamusi ya Kiswahili ya Krapf ya 1882, na misemo aliyoikusanya W. E. Taylor Mombasa, iliyotoka 1891. Tahajia ya humo ni ya kabla ya Kiswahili kusanifiwa, kwa hiyo jaribu "masikini" na "meskini" pia, na ukumbuke kwamba Krapf na Taylor waliandika waliyoyasikia Mombasa, kwa lahaja ya huko. Programu ya kutafuta isipoona kitu, fungua kurasa uzisome mwenyewe, kwa sababu mashine husoma vibaya herufi za vitabu hivyo.